Ubalozi si mtu mmoja: kwa nini idara zake hunyamaziana, na ni nani anayelipia

Watu wetu wa Pwani wakisema "nimepiga simu ubalozini", husema kana kwamba ubalozi ni mtu, mwenye sikio moja, mdomo mmoja na kumbukumbu moja. Kwa hivyo mtu akipiga Jumatatu akaeleza yake yote, kisha akapiga tena Jumatano akakuta aliyepokea hana habari yoyote, huona amepuuzwa. Mara nyingine kweli amepuuzwa. Lakini mara nyingi zaidi, kwa niliyoyaona mimi, aliyepokea Jumatano yuko idara nyingine, ghorofa nyingine, analipwa na wizara nyingine, na lile faili hajaliona hata kwa mbali.

Nilifanya kazi ya ufasiri wa Kiarabu kwa miaka saba katika ubalozi mmoja wa Afrika Mashariki huko Ghuba. Sitautaja, kwa sababu wengi niliokaa nao wangali kazini, na kwa sababu niliyoyaona pale nimeyasikia pia kwa wenzangu wa balozi nyingine. Mfasiri si mwanadiplomasia. Huajiriwa papo hapo, hulipwa mshahara wa karani na hana kinga ya aina yoyote. Lakini ana jambo moja ambalo hata balozi mwenyewe huenda hana: karatasi za kila idara hupitia mezani kwake. Barua ya hospitali, hukumu ya mahakama, hati ya polisi, mkataba wa kazi, hata mwaliko wa karamu ya sikukuu ya taifa, vyote huja kwake kabla ya kwenda kwa wenyewe. Kwa hivyo niliweza kuona jinsi habari ya mtu mmoja inavyoweza kulala vipande vipande katika madroo manne ya jumba moja.

Tuanze na jumba lenyewe. Juu kabisa yuko balozi, ambaye kazi yake kubwa ni kumwakilisha rais wake na kuongea na wakubwa wa nchi aliyopelekwa. Chini yake yuko naibu, na ukitaka kujua nani hasa anauendesha ubalozi siku kwa siku, mtazame huyo. Kisha kuna idara. Ya siasa husoma magazeti, hukutana na watu na kuandikia nyumbani yanayotokea. Ya uchumi na biashara hutafutia soko chai, nyama, maembe na watalii. Idara ya konsuli ndiyo ya raia: pasipoti, vyeti, waliofungwa, wagonjwa, waliofariki. Kuna mwambata wa kazi, anayeshughulikia mikataba na mishahara ya waliokwenda kuajiriwa. Kuna mwambata wa kijeshi, afisa wa uhamiaji, afisa wa habari, na idara ya utawala na fedha, ambayo hakuna anayeipenda lakini bila yake hata petroli ya gari haipatikani. Ubalozi mdogo waweza kuwa na watu saba tu wanaoyabeba yote hayo, mtu mmoja akivaa kofia tatu.

Nyumba hii naifananisha na zile nyumba zetu za Kiswahili zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kila chumba kimepangishwa. Mlango wa mbele ni mmoja, mita ya maji ni moja, lakini kila mpangaji ana jiko lake na mwenye kumlipa wake. Mwambata wa kazi mara nyingi hatoki Wizara ya Mashauri ya Kigeni. Ametumwa na wizara ya kazi, huko ndiko anakopeleka ripoti na huko ndiko atakakopandishiwa cheo. Afisa wa uhamiaji ana wakubwa wake, na mwanajeshi ana makamanda wake. Balozi ana mamlaka juu yao wote kwa jina, lakini kalamu ya kupandisha na kushusha cheo iko kwa mtu mwingine, mbali sana. Na katika ofisi yoyote ya serikali, anayejua jambo ambalo mwenzake halijui huona amepata nguvu kidogo. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, huna haja ya kutafuta mtu mbaya ili ueleze kwa nini faili halikusogea.

Nitoe mfano mmoja, kwa urefu, kwa sababu ndio ulionifunza zaidi.

Dada mmoja wa pwani, mfanyakazi wa nyumbani, alifariki hospitalini mwezi wa Agosti. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonsuli unaitaka nchi mwenyeji iujulishe ubalozi bila kuchelewa raia wake anapofariki. Nchi ile ilifanya hivyo. Barua iliingia idara ya konsuli Jumapili, kwa Kiarabu. Tatizo lilikuwa jina. Liliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa kukisiwa kutokana na matamshi, na lilipogeuzwa tena kuwa herufi za Kilatini halikulingana na jina lolote katika rejista ya pasipoti. Nambari ya pasipoti haikuwepo, maana pasipoti ilikuwa kwa kafili. Konsuli akaandikia makao makuu nyumbani akiomba familia itafutwe. Hilo peke yake lilikula zaidi ya wiki.

Na wakati wote huo, milango miwili mbele kwenye ukumbi ule ule, mwambata wa kazi alikuwa na faili nene la dada huyo huyo. Miezi mitatu kabla alikimbilia ubalozini kulalamika kwamba hajalipwa. Humo mlikuwa na nakala ya pasipoti, mkataba, jina la ajenti aliyempeleka, nambari ya simu ya kafili na nambari ya simu ya mjomba wake. Vyote ambavyo konsuli alivitafuta ng'ambo ya bahari vilikuwa hatua kumi kutoka kitini pake. Hakuuliza kwa sababu kwake hili lilikuwa jambo la kifo, na vifo ni vya konsuli. Mwambata hakusema kwa sababu kwake lilikuwa jambo la mshahara, na hakuambiwa kuna kifo.

Kisha likaja lililouma zaidi. Rafiki za marehemu waliandika mtandaoni kwamba mwenzao amekufa na ubalozi umenyamaza. Watu wakaanza kupiga kelele. Afisa wa habari, ambaye kazi yake ni kulinda jina la nyumba, akaandika haraka kwamba ubalozi unafahamu kifo hicho na unakishughulikia. Hakusema uongo. Lakini familia ilikuwa haijaambiwa na mtu yeyote. Walipata habari za msiba wao kutoka kwenye simu ya jirani.

Asubuhi ile mjomba alipiga. Mpokeaji akampeleka kwa mwambata wa kazi, ambaye alisema anachojua yeye ni madai ya mshahara. Akapelekwa kwa konsuli, akaambiwa kuna maiti ambayo bado haijatambuliwa. Akapelekwa utawala na fedha, wakamwambia gharama za jeneza zahitaji barua ya maombi. Mwishowe simu ikanifikia mimi, kwa kuwa kila mtu alichoka. Mzee hakupiga kelele. Alisema, "Ustadhi, sisi twawauliza kitu kimoja tu. Mwana wetu yu hai ama amekufa?"

Aliyefungua fundo hakuwa afisa yeyote. Alikuwa karani wa mapokezi, mama mmoja ambaye katika miaka yake yote hakuwahi kualikwa kwenye mkutano wa wakubwa. Aliposikia jina likitamkwa na mjomba, alikumbuka msichana aliyekuja analia siku ya joto kali, akampa chai na kumwelekeza kwa mwambata. Akaenda akalitoa faili. Naibu balozi aliwaita wote chumbani mwake, akaufunga mlango, na yaliyosemwa humo niliyasikia kupitia ukutani. Tangu siku hiyo mambo yalikwenda. Familia ilichagua azikwe huko huko, kwa kuwa kwetu maiti huharakishwa na wao walikwisha kungoja mno. Walileta hati ya kutoa idhini, kafili akabanwa alipe mishahara iliyobaki, na dada yetu akazikwa siku ya 23 tangu barua ya hospitali kuingia. Kazi yenyewe ilichukua siku sita. Zile 17 za mwanzo zilikwenda katika kutoulizana.

Baada ya hapo naibu aliweka mambo machache, wala hakuna hata moja lililohitaji pesa. Kila asubuhi idara zote zilikutana kwa dakika 20, wakiwa wamesimama, kwa sababu watu wakikaa huletewa kahawa na mkutano hauishi. Kila raia mwenye jambo alikuwa na faili moja lenye nambari moja, haidhuru limeanzia idara gani, na jina lake liliandikwa kwa herufi zote mbili pamoja na nambari ya pasipoti. Mtu mmoja, mwenye jina na simu inayojulikana, ndiye aliyezungumza na familia mpaka mwisho. Afisa wa habari hakuruhusiwa kuandika lolote kuhusu kifo mpaka konsuli athibitishe kwamba familia imekwisha kuambiwa. Na karani wa mapokezi akawa anahudhuria ule mkutano. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililosaidia kuliko yote, maana mlangoni ndipo habari zote huingilia.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa nyumbani hawalioni, nalo ni kalenda. Katika nchi kama Saudia, Oman, Qatar na Kuwait ofisi za serikali hufungwa Ijumaa na Jumamosi, na hufunguliwa Jumapili. Nairobi hufunga Jumamosi na Jumapili. Hesabu mwenyewe: siku ambazo pande zote mbili ziko mezani kwa pamoja ni nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi. Hati ikitoka kwa polisi Alhamisi jioni, Ijumaa Nairobi iko wazi lakini huku kumefungwa. Jumapili huku kuko wazi lakini Nairobi kumefungwa. Mpaka Jumatatu ndipo wawili hao wakutane. Dubai na Abu Dhabi walibadilisha mpangilio wao Januari 2022, wakahamia Jumatatu hadi Ijumaa adhuhuri, kwa hivyo hesabu ya huko ni tofauti. Ubalozi unaojipanga huhakikisha kila ombi la nyumbani limeondoka kabla ya Alhamisi saa sita. Usiojipanga hushangaa kila wiki.

Kuna na mipaka ya kisheria. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unasema shughuli rasmi za ubalozi zifanywe kupitia wizara ya mashauri ya kigeni ya nchi mwenyeji, au wizara nyingine itakayokubaliwa. Konsuli hawezi tu kuingia kituo cha polisi akaamuru mtu aachiliwe, wala mwambata wa kazi hawezi kuvunja mlango wa kafili. Huandika barua ya kibalozi, ile inayoanza kwa salamu ndefu za heshima na kumalizia kwa salamu ndefu zaidi, na kuingoja. Idara tatu zikiandika barua tatu kuhusu mtu mmoja, kila moja na tahajia yake ya jina, wizara ya wenyeji huzihesabu kuwa ni watu watatu. Hilo nililiona kwa macho yangu: msichana mmoja aliyekuwa tarhil, kwenye kituo cha wanaongoja kurudishwa kwao, alikuwa na majina matatu katika kompyuta, na kwa jina mojawapo kafili alikuwa amemwandikia hurubu, kwamba ametoroka kazini.

Mataifa makubwa nayo yalipata taabu hiyo hiyo. Tarehe 29 Mei 1961 Rais John F. Kennedy aliwaandikia barua mabalozi wote wa Marekani akiwaambia kwamba wao ndio wenye mamlaka juu ya shughuli zote za Marekani katika nchi walizopo, pamoja na za idara nyingine, isipokuwa majeshi yaliyo chini ya kamanda wa vita. Sababu ilikuwa kwamba idara za kilimo, za misaada, za kijasusi na za kijeshi zilikuwa zikifanya kila moja lake, na balozi akayasikia mambo baada ya kutendeka. Wakuu wa idara zote hukaa meza moja na balozi mara kwa mara, na marais waliofuata waliendelea kuwapa mabalozi barua za namna hiyo. Twaweza kuwacheka Wamarekani kwa mengi, lakini barua ile ilijibu swali ambalo sisi bado twalikwepa: wapangaji wakigombana, nani mwenye nyumba?

Hata hivyo meza moja ya ndani haitoshi kama makao makuu hayasikii. Wakenya hatuhitaji kwenda mbali kulijua hilo. Kabla ya Agosti 7, 1998, Balozi Prudence Bushnell aliwaandikia wakubwa wake Washington zaidi ya mara moja, mpaka kwa Waziri Madeleine Albright mwenyewe, kwamba jengo la ubalozi wa Marekani pale Moi Avenue na Haile Selassie lilikuwa karibu mno na barabara na halikuwa salama. Aliomba jengo jingine. Hakupata. Bomu lililipuka, na katika zaidi ya watu 200 waliokufa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12. Waliobaki karibu wote walikuwa watu wetu, waliokuwa kwenye basi, benki, chuo cha makatibu na kazini humo humo ubalozini. Tume iliyoongozwa na Admirali William Crowe ilitoa ripoti yake Januari 1999, na ililaumu uzembe wa miaka mingi wa kutoweka fedha na ulinzi unaotakiwa. Ujumbe uliandikwa vizuri, na mtu anayestahiki, kwa wakati. Ulikosa mtu wa upande wa pili ambaye ilikuwa ni wajibu wake kuujibu.

Sitaki mtu afikirie kwamba dawa ni kila mtu kujua kila kitu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 Marekani ilifungua milango ili idara zake zisomeane barua. Mwaka 2010 barua za kibalozi zaidi ya 250,000 zikavuja kupitia WikiLeaks, na mabalozi duniani kote wakaona aibu, wakiwemo waliokuwa wakiandika kuhusu viongozi wa Nairobi. Ubalozini kwetu pia kulikuwa na mambo yasiyofaa kusomwa na kila mtu: msichana aliyebakwa, mgonjwa wa akili, anayetafutwa na ajenti. Faili moja si faili wazi. Kila idara yapaswa ijue kwamba jambo lipo na nani analishika. Yaliyo ndani yabaki kwa wanaoyahitaji. Tofauti ya hayo mawili ni nyembamba, na naibu mzuri hutumia muda wake mwingi kuilinda.

Uzuri wa idara kufanya kazi pamoja huonekana siku ya hatari. Vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, humo mjini mlikuwa na wanafunzi wengi wa Kenya, na wa Pwani hawakukosekana, kwa kuwa watoto wetu wamekuwa wakienda Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kule kwa miaka mingi. Uwanja wa ndege ulifungwa siku ile ile. Waliotoka walitoka kwa njia mbalimbali, wengine kwa mabasi kuelekea mpaka wa Ethiopia, wengine Sudan Kusini, wengine Port Sudan na kuvuka bahari mpaka Jeddah. Fikiria kinachohitajika hapo. Konsuli ana orodha ya majina. Mwambata wa kijeshi, kama yupo, ndiye anayeweza kuwauliza wanajeshi barabara ipi haina mapigano leo. Afisa wa uhamiaji huandika hati za dharura kwa waliokimbia bila pasipoti. Wa siasa huomba kibali cha mpaka, na si ubalozi mmoja tu, maana wa Addis Ababa na wa Riyadh lazima waamke pia. Fedha hulipa mabasi taslimu, dereva hataki barua. Kama mmoja wao hayupo kwenye mazungumzo, basi linaondoka bila kibali, au kibali kinakuja basi halipo.

Nirudi kwenye suala la kusema na kunyamaza, maana hapo ndipo pana ubishi wa kweli. Ubalozi una wasikilizaji watatu na kila mmoja ataka lugha yake. Serikali mwenyeji yataka heshima na siri. Raia walioko huko wataka maelekezo mafupi ya kueleweka. Familia nyumbani zataka ukweli, hata ukiwa mchungu. Wanadiplomasia wengi hupenda kunyamaza, nao wana hoja: ukimwaibisha kafili kwenye televisheni, polisi wa kwao humkinga, ukiongea naye kimya kimya mbele ya kadhi, hulipa. Nimeona kimya kikiwatoa watu. Lakini nimeona pia kimya kikiwa kitanda cha uvivu. Msimamo wangu ni kwamba unaweza kuwanyamazia waandishi wa habari na bado ukamwambia mama ukweli wote kwa simu. Ofisi nyingi huyachanganya hayo mawili. Zikifungia mlango gazeti, humfungia na mama.

Na lugha. Matangazo ya ubalozi huandikwa Kiingereza cha wizarani, yakabandikwa mtandaoni kwa herufi ndogo, kwa wasichana ambao simu zao hushikwa na mwenye nyumba na hurudishiwa usiku kwa nusu saa. Sauti ya dakika moja ya Kiswahili kwenye WhatsApp, yenye nambari ya simu ikitajwa polepole mara mbili, hufika mahali ambapo tangazo la kurasa mbili halifiki. Tulijaribu. Simu zilizofuata wiki ile hazikuhesabika, na nyingi zilikuwa za watu ambao hatukujua kama wako nchini humo.

(Kwa wanaopenda historia: pwani hii haikuanza jana kujua ukonsuli. Marekani ilikuwa na konsuli Unguja tangu 1837, Richard Waters wa Salem, na mwaka 1840 Ahmad bin Na'aman alifika New York na jahazi la Sultana kwa niaba ya Seyyid Said. Waters alikuwa konsuli na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, mwenye kalamu moja. Hakuwa na idara ya kugombana nayo, lakini nani alimkumbusha kutenganisha faida yake na ya taifa lake?)

Basi mtu aliye na mwanawe huko afanye nini? Kwanza ajue anampigia nani. Pasipoti, kufungwa, ugonjwa na kifo ni vya konsuli. Mshahara, mkataba, kupelekwa na kurudishwa maktabu, kuhamishwa kafili, ni vya mwambata wa kazi. Mambo yakiwa mawili, kama yalivyo mara nyingi, andikia wote wawili barua moja, na useme ndani yake kwamba mwenzake pia ameipata. Hilo tu huwalazimisha kuzungumza. Usitegemee simu peke yake; simu haina nakala. Ukipiga, uliza jina la anayekujibu, idara yake, na nambari ya faili, uandike tarehe. Familia ichague msemaji mmoja. Nilipata kuona shangazi, kaka na mume wa zamani wakipiga kila mmoja na maelezo yake, na ubalozi ukashindwa kujua ni nani wa kumsikiliza katika uamuzi wa mazishi. Kenya ina Idara ya Masuala ya Diaspora iliyoundwa 2022 ndani ya Wizara ya Mashauri ya Kigeni. Nakala ya barua yako ipeleke huko, ili siku ubalozi ukisema haukuipata, pawe na mahali pa pili inapopatikana.

Na kabla hajapanda ndege, mwenye kusafiri aache nyumbani nakala ya pasipoti, mkataba kamili na si ukurasa wa kwanza tu, jina na simu ya ajenti wa hapa na wa maktabu ya kule, na akishafika, jina la kafili, mtaa na mji. Jina lake mwenyewe aliandikishe kwa Kiarabu na mtu anayejua, kama litakavyokuwa kwenye iqama, kisha alipige picha na kumtumia mtu mmoja nyumbani asiyebadilisha nambari ya simu ovyo.